Lori lilipokuja: sentensi isiyo na kosa iliyomponza mlinzi

Sentensi yenyewe ni hii: “When the lorry came I locked the back gate.” Mpe mwalimu yeyote wa Kiingereza, ataipiga tiki na kwenda mbele. Vitenzi viwili, vyote vya wakati uliopita, tahajia safi. Na hiyo ndiyo iliyomletea mlinzi mmoja wa usiku hapa Mombasa, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, barua ya kutakiwa aeleze kwa nini asifutwe kazi. Aliiandika pamoja na sentensi nyingine saba, na karibu zote saba zilikuwa na makosa ya kupigiwa mistari myekundu. Kadhaa kati ya hizo hazikumdhuru hata kidogo.

Nafundisha watu wazima Kiingereza jioni, wengi wao mafundi, madereva na akina mama wa biashara. Mzee huyu si mwanafunzi wangu; ni mjomba wa mmoja wao. Alikuja na barua ameikunja mara nne mfukoni, pamoja na nakala ya stetimenti aliyoiandika asubuhi baada ya wizi. Alikaa, akaniwekea karatasi zote mbili mezani, akauliza: “Mwalimu, hebu nionyeshe, hapa nimesema uongo gani?”

Hii hapa stetimenti nzima, kama alivyoiandika:

“I am working in this yard since 2017. Yesterday I have reported at 12. Tonight at 4 one lorry came with cement. When the lorry came I locked the back gate. The turnboy has slept inside. At 8 I went round and when I reached the store the pump was taken. I called supervisor before I have not touched anything. When the police will come I will show them the place.”

Kilichoibwa ni pampu ya maji. Wezi walikata kufuli la geti la nyuma, wakaingia, wakatoka nayo. Stetimenti ilipelekwa ofisini, karani akaichapa, na palipoandikwa 4 na 8 akaongeza “a.m.” kwa nia njema kabisa. Kisha ikafika mezani kwa watu wa idara ya wafanyakazi, ambao hawajawahi kukanyaga ua ule. Barua yao ilikuwa na mashtaka matatu. Kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, aliliacha geti la nyuma wazi mpaka saa kumi alfajiri, lori lilipofika. Pili, alimruhusu mtu wa nje, yaani utingo wa lori, kulala ndani ya ua kinyume na kanuni. Tatu, alikagua stoo saa mbili asubuhi, ilhali zamu yake inaisha saa kumi na mbili. Alikuwa wapi muda wote huo?

Nikamuuliza, “Mzee, geti la nyuma ulilifunga saa ngapi?”

“Magharibi. Kabla adhana haijaisha.”

“Na lori?”

“Saa nne ya usiku. Nimeshakula.”

“Sasa nihadithie mimi kwa Kiswahili, kama unavyomhadithia mtu nyumbani. Lori na geti.”

Hakusita. “Lori lilipokuja, nilikuwa nimeshafunga geti la nyuma zamani.”

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Kwa Kiswahili mzee alipanga matukio yake barabara, kwa kitenzi kimoja chenye sehemu mbili. “Nilikuwa” inakurudisha na kukusimamisha kwenye ule wakati wa lori. “Nimeshafunga” inakwambia kwamba, ukisimama pale, kazi ya kufunga ilikwisha. Huhitaji kutaja saa. Mpangilio umo ndani ya kitenzi. Kiingereza kinacho kitu hichohicho, tena kwa muundo unaofanana kiasi cha kushangaza: “I had already locked the back gate.” “Had” inafanya kazi ya “nilikuwa nime-”, na “already” inafanya kazi ya “-sha-”. Mlango uko palepale, upana uleule. Mzee akaupita akaingia wa jirani.

Nilimuuliza kwa nini. Jibu lake lilinikaa moyoni. Alisema darasa la saba mwalimu aliwafundisha kwamba hadithi ya jana yote ni “past tense”, usichanganye nyakati, ukichanganya unapigwa. Basi akaondoa “nilikuwa”, akaondoa “nimesha”, akabaki na “nilifunga”. Akaandika “I locked” na akajiona amefanya vyema, maana amefuata kanuni. Nami nafundisha kanuni hiyohiyo, sijui ni mara ngapi nimeiandika ubaoni.

Tatizo ni kwamba “when” ya Kiingereza, ikifuatwa na vitenzi viwili vya wakati uliopita vya mambo ya mara moja, husomwa kama foleni. La kwanza likatokea, la pili likafuata. Kengele ilipolia tulitoka. Lori lilipokuja nilifunga. Na hata Kiswahili ndivyo kilivyo. Mtu akikwambia “lori lilipokuja nilifunga geti” utaelewa vivyo hivyo, kwamba lori ndilo lililomfanya anyanyuke akafunge. Weka zile tatu sambamba uone. Lori lilipokuja nilifunga: “I locked”. Lori lilipokuja nilikuwa nafunga: “I was locking”. Lori lilipokuja nilikuwa nimefunga: “I had locked”. Lugha hizi mbili, ambazo watu husema zimeachana kama mbingu na ardhi, hapa zinatembea mkono kwa mkono. Laiti mzee angetafsiri neno kwa neno, jambo ambalo sisi walimu tunalikataza kila siku, angeandika Kiingereza sahihi na barua isingemfikia.

Sasa njoo kwenye zile nyingine, kwa sababu huko ndiko alikotafsiri neno kwa neno, na ndiko ilikokuwa haifai.

“Yesterday I have reported.” Barazani mtu husema “nimefika jana” na hakuna anayeshtuka. Wapo wa kusema ingefaa “nilifika jana”, na kwa maandishi rasmi nakubaliana nao, lakini -me- yetu haikasiriki sana ikiona tarehe. Inachojali ni kwamba jambo lipo, limekaa, matokeo yake unayaona: nimefika jana, na ndiyo maana uko nami hapa. “Have” ya Kiingereza ina wivu. Haitaki kukaa pamoja na wakati uliokwisha fungwa. Ukishataja “yesterday”, “last week”, “in 2017”, “two days ago”, au ukiuliza “when”, umeshafunga mlango wa wakati ule, na “have” haiwezi kuingia. Inaishi na maneno ambayo mlango wake bado uko wazi hadi sasa: “since”, “so far”, “yet”, “this week”.

Neno moja na hilohilo laweza kuwa wazi asubuhi na kufungwa mchana. “I have seen him this morning” ni sawa ikiwa unaongea saa nne asubuhi. Ukilisema saa tisa alasiri, Mwingereza atataka “I saw him this morning”, kwa kuwa asubuhi imepita. Maneno ya wakati hayakubadilika, jua ndilo lililosogea. Wamarekani ni wapole zaidi katika hili. Kwao “I just ate” inapita pale ambapo mwalimu wa Kiingereza cha Uingereza angetaka “I have just eaten”. Kwa stetimenti ya mlinzi, hata hivyo, “yesterday I have reported” ni kosa la sura tu. Kila aliyesoma alielewa kwamba jana aliripoti kazini.

Vivyo hivyo “I am working in this yard since 2017”. Sisi husema “nafanya kazi hapa tangu 2017”, wakati uliopo, kwa sababu kazi ipo leo. Hatuko peke yetu. Nenda Diani umsikilize Mjerumani: “I am here since Monday.” Nenda Malindi umsikilize Mwitaliano, utasikia hayohayo. Lugha zao pia hutumia wakati uliopo kwa jambo lililoanza zamani na bado linaendelea. Kiingereza kinataka “I have been working here since 2017”, au “I have worked”. Lakini niambie ni nani aliyewahi kumwelewa vibaya yule Mjerumani.

Ninachokiogopa zaidi ni “I worked here for seven years.” Hii haina kosa. Hii itapigiwa tiki. Na maana yake ni kwamba umeshaacha kazi. Nimeona barua za kuombea kazi ambamo mtu amejiachisha kazi aliyonayo kwa herufi mbili tu, “ed”, halafu anashangaa akiulizwa kwenye usaili kwa nini alitoka kule. “For” haina upande. Ukiiambatanisha na “have” inafika hadi leo; ukiinyima “have” inabaki nyuma. Katika hili Kiswahili kingemsaidia mtu, kwa sababu “nimefanya kazi hapa miaka saba” na “nilifanya kazi hapa miaka saba” tunazitofautisha bila kufikiri.

Basi kwenye shtaka la pili, la utingo. “The turnboy has slept inside.” Mzee alichokiona saa nne usiku alipochungulia lori kabla ya kufungua geti la mbele ni utingo amelala ndani ya kabini. Amelala, yaani macho yamefumba, yuko usingizini wakati ule. Hii ni ile -me- yetu ya hali, ambayo haizungumzii tendo lililopita bali namna mtu alivyo: amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, amekasirika. Kiingereza kwa haya yote hutumia “is”: “is asleep”, “is sitting”, “is standing”, “is wearing”, “is tired”, “is angry”. Ukisema “he has slept” unamaanisha amepata usingizi wake na ameshaamka. Na ukiongeza “inside” bila kusema ndani ya nini, mtu wa ofisini anayewaza mambo ya ua ataelewa ua. Kumbe utingo yule hakulala hata nusu saa. Aliamshwa kushusha simiti, na saa sita usiku lori lilikuwa limeshatoka. “The turnboy was asleep in the cab” ingelizima shtaka hilo kabla halijazaliwa. Ingawa, kusema kweli, sikuelewa kwa nini aliutaja usingizi wa utingo hata kidogo. Aliniambia alitaka waone kwamba alichungulia.

Shtaka la tatu si la kitenzi, ni la saa, lakini saa na kitenzi hukaa nyumba moja. Sisi huhesabu kuanzia kuchwa na kucha. Karibu na Ikweta kama hapa hilo lina mantiki yake, kwa kuwa jua la Mombasa halichezi sana. Mwaka mzima huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili. Tukisema saa nne usiku, ni saa nne tangu giza liingie. Saa ya Kiingereza huanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita, na kila Mkenya anaijua, anaipiga hesabu kichwani bila kujitambua. Ila ukishaandika kwa Kiingereza hakuna tena anayepiga hesabu hiyo. Saa nne usiku ikawa saa kumi alfajiri, saa nane usiku ikawa saa mbili asubuhi, na zile sentensi ambazo hazikuwa na nyakati za kutosha zikapewa nyakati za uongo.

Hapo ongeza na “tonight”. Mtu akiamka asubuhi akasema “usiku wa leo sikulala”, anazungumzia usiku uliopita. Stetimenti iliandikwa alfajiri, kwa hiyo mzee akaandika “tonight”. Kwa Kiingereza usiku huo uko mbele. Uliopita ni “last night”. Sentensi yake kwa hiyo ilianza na neno la wakati ujao, ikaendelea na kitenzi cha wakati uliopita, ikiwa na saa ambayo haikuwepo. Karani akachagua la kuamini.

“Before I have not touched anything” inachekesha wanaoijua lugha hiyo, lakini nyuma yake mna akili. Sisi husema “kabla sijagusa”, kwa kukanusha, maana wakati ule nilikuwa bado sijagusa. Mzee mwenyewe, kama ulivyosikia, aliniambia “kabla adhana haijaisha”. Kiingereza kinaona neno “before” limeshabeba ule ukanushi, hakihitaji mara ya pili: “before I touched anything”. Na “when the police will come” inatokana na “watakapokuja”, ambapo Kiswahili huweka wakati ujao ndani kabisa ya kitenzi, na Kiingereza kinaukataa baada ya “when” na kudai “when the police come”. Zote mbili ni makosa, na hazikumdhuru mzee kwa lolote. “The pump was taken” ndiyo niliyoihofia, ijapokuwa barua haikuigusa: kwa Kiingereza yaweza kuwa ilikuwa imeshachukuliwa, na yaweza kuwa ilichukuliwa pale alipofika, yeye akitazama. Wakili mwenye nia mbaya angekula hapo.

Tulikaa kuandika majibu. Mimi, kama mwalimu, nilitaka kuonyesha ufundi. Nikaandika “had locked”, nikaandika “had been taken”, nikaandika “had already left the yard”. Ilipendeza. Mzee akasoma kwa kidole, akainua macho.

“Mwalimu, haya mahedi yako ni mazuri. Lakini wakiniketisha mbele yao wakaniuliza, nitayakumbuka?”

Alikuwa na haki. Tukaifuta karatasi yote na kuanza upya, kwa namna niliyopaswa kuifikiria mwanzo. Tukapanga matukio jinsi yalivyotokea, moja baada ya jingine, kila moja na saa yake ya tarakimu nne. “At 18:00 I reported. At 18:20 I locked the back gate. At 22:00 a lorry came to the front gate with cement. The turnboy was asleep in the cab. At 00:00 the lorry left with the driver and the turnboy. At 02:00 I went to the back. The padlock was cut and the pump was gone. I called the supervisor.” Hakuna “had” hata moja. Haihitajiki, kwa sababu “had” ni ya mtu anayesimulia kwa kurudi nyuma, aliyeanza na lori kisha akakumbuka geti. Ukifuata mkondo wa saa, wakati uliopita wa kawaida unatosha, na saa ndizo zinazobeba mpangilio. Ni ile ile kazi ambayo -ka- yetu hufanya: nikaripoti, nikafunga, lori likaja, nikafungua.

Kisha nikamwambia jambo la pili, ambalo halihusu sarufi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama pale. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Mtu aliyefunga geti kwa Kiswahili alistahili kuulizwa habari za geti kwa Kiswahili. Bado sielewi ni nani aliyeamua kwamba mlinzi wa Shimanzi, aliyesimamiwa na mtu wa Likoni, aandike habari ya wizi wa Mombasa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeiotea ndoto.

Kwenye kikao aliomba Kiswahili, wakakubali. Alikwenda na mlinzi mwenzake wa mchana. Aliwasomea karatasi yetu, kisha akawaomba wafungue kitabu chenyewe cha OB, yaani kitabu cha matukio cha walinzi, alimoiandika stetimenti kwa mkono, badala ya nakala iliyochapwa. Humo hakukuwa na “a.m.” popote, na mwenzake akathibitisha kwamba alipokuwa anatoka kazini jioni ile walikwenda wote wawili kufunga nyuma. Geti likaisha hapo. Utingo akaisha. Kilichobaki ni kwamba tangu magharibi hadi saa nane usiku hakuzunguka nyuma hata mara moja, na hilo lilikuwa kweli kwa lugha zote mbili. Alipewa onyo la maandishi, akatia saini. Pampu haikuonekana.

Wiki mbili baadaye alinipitia akiwa njiani kwenda zamu. Alinionyesha kwenye simu picha ya ukurasa wake wa OB wa usiku uliotangulia. Mistari mifupi, saa upande wa kushoto, mwandiko wa herufi kubwa. Wa pili ulisomeka: “18:20 BACK GATE LOCKED.”

“Hii ‘locked’,” akauliza, “ni nililifunga, au limefungwa?”

Nikaitazama. Nikamwambia zote mbili zinafaa.

“Basi acha ikae,” akasema, akatia simu mfukoni.